Kutoka Jiwe la Unyanyembe hadi Ukingo wa Ufa

Jumatatu, Tabora

Kwa miaka 14 nimekuwa nikichora ubaoni mchoro uleule wa dunia iliyokatwa katikati mithili ya yai la kuchemsha, wenye ganda jembamba kwa nje, uji mwekundu katikati na kiini cha moto ndani kabisa, na kwa miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyenisumbua. Muhula uliopita binti mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza: ikiwa bara letu linapasuka, na ufa mmoja umepita Kigoma na mwingine umepita upande wa Arusha, kwa nini sisi wa Tabora tulio katikati tumeachwa? Nilimjibu kwamba tutalizungumza kipindi kijacho, jibu ambalo kila mwalimu anaijua maana yake.

Hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Nimeamua kuitumia sehemu ya likizo ya Juni kwenda Kigoma kwa mwendo wa pole, nikishuka njiani palipo na jambo la kuonwa, na kuandika kila jioni kabla sijalala. Mwenzangu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, fundi wa kuchimba visima virefu, ambaye alikubali kuja kwa sharti moja tu, kwamba tusitembee kwa miguu kama wapagazi wa zamani waliopita njia hii kati ya Ujiji na Unyanyembe, yaani pande hizi za Tabora, wakiwa na meno ya tembo mabegani. Ndani ya begi lake ameweka waya wa kupimia kina cha maji, wenye urefu wa mita 150, uliozungushwa kwenye gurudumu la plastiki. Nilipomuuliza ni wa nini, alisema fundi hasafiri bila kifaa.

Asubuhi tulianzia kwenye kisima alichokimaliza wiki iliyopita pembezoni mwa mji. Vifusi vilivyotoka shimoni alikuwa amevipanga chini kwa mafungu, fungu moja kwa kila mita tatu, kama mchuuzi wa nyanya. Mafungu ya mwanzo yalikuwa mchanga wa rangi ya kahawia. Yaliyofuata yalikuwa mwamba uliooza, mweupe na wenye udongo ndani yake, na humo ndimo maji yalimopatikana. Yale ya mwisho yalikuwa vigae vya kijivu, vikavu, vyenye chembe zinazometameta juani.

"Ukishalifikia jiwe zima, shemeji, maji hayapo tena," alisema. "Kuanzia hapo unachoma dizeli bure."

Jiwe hilo zima ndilo Tabora yenyewe. Ni granaiti na jamaa zake, sehemu ya kipande kikubwa cha bara ambacho wanajiolojia hukiita kratoni ya Tanzania, kinachoanzia pande za Dodoma na Singida, kikapita kwetu na Shinyanga hadi Mwanza na Mara. Umri wake unapita miaka milioni 2,500. Nchi yetu ni tambarare kwa sababu milima yoyote iliyowahi kusimama hapa imesagwa na mvua na jua kwa muda mrefu kiasi kwamba yamebaki majabali machache tu ya kuanikia nguo na mihogo.

Nilitaka kujua jiwe hilo linaendelea hadi wapi, na hapo ndipo mtu hukutana na aibu ya wanadamu wote. Shimo refu kuliko yote kwenda chini wima lilichimbwa na Wasovieti katika rasi ya Kola, karibu na mpaka wa Norwe. Walianza mwaka 1970, na mwaka 1989 walifika mita 12,262, ambako joto la nyuzi 180 hivi liliwashinda. Kutoka juu hadi kitovu cha dunia ni kilomita 6,371. Nilipiga hesabu nikiifanya safari yetu ya kilomita 400 kuwa ndiyo safari ya kwenda kitovuni: shimo la Kola lisingefikia hata kilomita moja, yaani tusingekuwa tumetoka mjini. Ganda la dunia lingetuishia kilomita mbili na kitu kutoka kituo cha reli. Tabaka la kati, ambalo nitaliita manto, lingeendelea hadi kilomita 180 hivi, tukiwa tumeshaipita Kaliua. Kisha kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka, kingetupeleka mpaka mbele kidogo ya Uvinza. Na kutoka hapo hadi Kigoma ingekuwa ni chuma kigumu kitupu. Shemeji aliisikiliza hesabu hiyo hadi mwisho, kisha akauliza tumejuaje mambo ya Uvinza ilhali hatujatoka Tabora.

Jumanne, Urambo

Basi la asubuhi lilitufikisha mapema, na tulipata chumba karibu na reli. Jibu la swali la shemeji lilikuja lenyewe alasiri, pale tulipowaona watoto watatu wamelaza masikio kwenye chuma cha reli, kila mmoja akijigamba kwamba amelisikia treni kabla ya wenzake. Tuliwaondoa, kama inavyompasa mtu mzima, lakini walikuwa sahihi: sauti husafiri ndani ya chuma kwa kasi ya kilomita tano hivi kwa sekunde, huku hewani ikitembea mita 340 tu, kwa hiyo reli hutoa habari mapema kuliko hewa.

Dunia nayo huzungumza kwa namna hiyohiyo, ila mpigaji wa reli ni tetemeko la ardhi. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya miamba. Ya kwanza husukuma na kuvuta, kama mabehewa yanavyogongana moja baada ya jingine, nayo hupita kwenye kitu kigumu na kwenye kimiminiko vilevile. Ya pili hutikisa kwa ubavu, kama mtu anayeupunga ukamba, nayo hayawezi kupita kwenye kimiminiko hata kidogo, kwa kuwa maji yakisukumwa kwa ubavu hayana nguvu ya kurudi mahali pake. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić, aliyekuwa akifanya kazi Zagreb, aligundua kwamba baadhi ya mawimbi ya tetemeko moja yaliwahi kufika kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba chini kule yameikuta barabara ya lami. Huo ndio mpaka wa ganda na manto. Wengine waliona kwamba mawimbi ya ubavu hupotea kabisa upande wa pili wa dunia, na mnamo 1926 ikabainika kwamba kiini ni kimiminiko. Kisha mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark, akichunguza kumbukumbu za tetemeko lililotokea New Zealand mwaka 1929, akatambua kwamba ndani ya kiini hicho kimo kingine ambacho tabia zake ni tofauti. Napenda kukumbuka kwamba mambo hayo yote yaligunduliwa na watu waliokaa mezani wakisoma mistari iliyochorwa na sindano.

Sasa ninafika kwenye kosa langu la miaka 14. Mawimbi ya ubavu hupita ndani ya manto yote, kutoka chini ya ganda hadi kilomita 2,900 hivi. Maana yake ni kwamba manto ni jiwe gumu. Hakuna bahari ya uji mwekundu chini ya miguu yetu ambayo mabara yanaelea juu yake. Ule uji nimeuchora mimi kwa chaki, na niliukuta umechorwa na walionitangulia. Uji halisi, yaani magma, hupatikana katika sehemu chache tu ambako mwamba umepata sababu maalumu ya kuyeyuka.

Shemeji hakukubali. Alisema kitu kigumu hakitiririki, na kama hakitiririki basi mabara hayawezi kutembea, na mimi nirudi nikachore yai langu. Nilibaki bila jibu hadi jioni, tulipopita dukani kwa muuza asali na kuona vipande vya nta vimepangwa kwenye ubao. Niliomba kipande kimoja, nikakigonga kwenye kona ya meza, kikapasuka kama kigae. Muuzaji, ambaye hakuwa na habari ya mjadala wetu, alilalamika kwamba vile vilivyokaa dirishani tangu wiki iliyopita vimeshalegea na kuinamia upande wa jua. Hicho ndicho kisa cha manto. Ukiligonga kwa ghafla, kama tetemeko linavyoligonga, huitika kama jiwe. Ukilipa joto na uzito kwa miaka milioni nyingi, hujikunja na kupanda na kushuka bila kuyeyuka, kwa kasi ya sentimita chache kwa mwaka. Nililipia nta niliyoivunja.

Jumatano, vilima vya Igwisi

Siku hii nitaiandika kwa kirefu, kwa sababu mkoa mzima tunaishi karibu na jambo hili na ni wachache wanaolijua. Tulikodi bodaboda mbili tukaelekea kaskazini-magharibi mwa Urambo, tukapita kando ya mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa, kisha miombo, kwa mwendo wa zaidi ya saa moja, tukila vumbi. Kijana aliyenibeba alidhani tunatafuta dhahabu, na kila nilipomweleza kwamba tunatafuta volkano alicheka kwa adabu.

Igwisi si mlima wa kumtisha mtu. Ni vilima vitatu vidogo vilivyopangana, vilivyoinuka mita kadhaa tu juu ya tambarare, vyenye mabonde ya duara katikati ambayo ndiyo midomo ya volkano. Mzee mmoja tuliyemkuta karibu na hapo na ng'ombe wake, baada ya shikamoo na marahaba, alituuliza kama tumetumwa na serikali. Tulipomhakikishia kwamba tumejituma wenyewe, alituonyesha kwa fimbo mahali ambapo mawe yamejitokeza.

Mawe yenyewe ndiyo ajabu. Ni ya kijivu, na ndani yake zimepachikwa punje laini za mviringo, nyingine ndogo kama kunde, zenye rangi inayokaribia kijani. Hiyo ni olivini, madini ambayo ndiyo sehemu kubwa ya manto ya juu. Punje hizo hazikuzaliwa hapa. Zilipandishwa kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100, ndani ya magma ya aina inayoitwa kimbalaiti, ambayo hupanda kwa kasi kubwa kiasi kwamba huaminika kumaliza safari yake kwa saa au siku chache. Nilishika kiganjani kitu ambacho hakuna mtambo wa kuchimba utakaokifikia, nikamkumbuka fundi wa Kola na dizeli yake.

Kimbalaiti ndilo jiwe linalobeba almasi. Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson kutoka Kanada aligundua almasi mwaka 1940, ni bomba la kimbalaiti lililopasua ganda miaka milioni 50 hivi iliyopita. Kimbalaiti nyingi duniani ni za kale zaidi ya hapo, na midomo yake imeshasagwa, ikabaki mizizi tu. Igwisi ni mtoto mchanga: uchunguzi wa miamba yake unaonyesha kwamba ililipuka takriban miaka 12,000 iliyopita, na haijulikani kimbalaiti nyingine duniani iliyo changa kuliko hiyo. Wakati inalipuka, watu walikuwepo tayari katika nchi hii. Sijui kwa nini jambo kama hili haliko katika vitabu vyetu vya shule, ilhali mchoro wa volkano ya Italia umo.

Lakini kilichonileta ni swali la yule binti, na kimbalaiti inalijibu nusu. Almasi huhitaji mgandamizo mkubwa unaopatikana kwenye kina cha kilomita 150 hivi, na wakati huohuo huhitaji mwamba ambao, kwa kina hicho, haujawa wa moto kupita kiasi. Mahali penye sifa hizo mbili kwa pamoja ni hasa chini ya kratoni. Maana yake ni kwamba jiwe la Tabora haliishii kilomita 40 chini, pale ganda linapokoma, bali limeshikamana na sehemu ya juu ya manto iliyopoa na kuwa ngumu, na kwa pamoja vimekuwa kisiki kinene kinachoshuka kilomita 150 na zaidi. Bamba, yaani kipande cha uso wa dunia kinachosogea kikiwa kimebeba bara au bahari, katika lugha ya wanajiolojia ni huo unene wote, ganda pamoja na manto gumu lililogandamana nalo, si ganda peke yake. Na hili nalo nilikuwa nikilifundisha kombo.

Nusu ya pili ya jibu niliipata jioni nyuma ya nyumba ya wageni, ambako kijana wa jikoni alikuwa akipasua kuni. Shoka lilipiga katikati ya gogo, ufa ukatelemka vizuri, kisha ukafika kwenye kifundo cha tawi la zamani, ukagawanyika, ukapita kulia na kushoto kwake, ukaungana tena kwa chini. Shemeji ndiye aliyekiona kwanza. "Shemeji, Tabora hiyo," alisema, akikionyesha kidole kile kifundo. Sikuwa na la kuongeza, isipokuwa majina: ufa wa kushoto ndio unaoshika Ziwa Albert, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Nyasa, na wa kulia ndio wenye Natron, Manyara na Oldoinyo Lengai. Ufa wa kushoto ulifuata mkanda wa miamba ya Ubende, ambayo ilikunjwa na kuungwa kando ya kratoni miaka milioni 2,000 hivi iliyopita, na maungio ya zamani ndipo mahali pa kwanza pa kuachia.

Alhamisi, njiani

Tairi la basi lilipasuka baada ya Kaliua, tukakaa saa tatu chini ya mti.

Nilizitumia kumsimulia shemeji habari za Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Ujerumani, ambaye mwaka 1912 alitangaza kwamba mabara yote yaliwahi kuwa kitu kimoja yakatengana. Alikuwa na ushahidi wa kutosha: pwani ya Brazili inavyoingiana na pwani ya Afrika, na mabaki ya mnyama yuleyule wa kale aliyeishi katika maji yasiyo ya bahari yanavyopatikana pande zote mbili za Atlantiki. Alichokosa ni nguvu ya kuyasukuma mabara hayo, na kwa sababu hiyo alidharauliwa hadi alipofariki katika barafu ya Greenland mwaka 1930. Tanganyika inapata uhuru mwaka 1961, wanasayansi wengi walikuwa bado hawajakubali. Mambo yaligeuka miaka michache baadaye, sakafu ya bahari ilipopimwa na kukutwa na mistari ya usumaku iliyopangana sawasawa kulia na kushoto ya milima iliyo katikati ya bahari, ushahidi kwamba sakafu mpya huzaliwa pale na kusogea pembeni. Shemeji alisema mtu asiye na mtaji wa kujitetea hudharauliwa kila mahali.

Jua likielekea kuzama tulivuka Malagarasi juu ya daraja. Mto huu, ambao kwa kilomita zake 475 hivi ni miongoni mwa mito mirefu ya nchi yetu, wataalamu huuhesabu kuwa mkubwa kwa umri kuliko ziwa unalomwaga maji yake. Kabla ya ufa kufunguka, ulikuwa ukielekea magharibi moja kwa moja hadi kuungana na mito ya Kongo. Ardhi ilipozama mbele yake, ukakatwa njiani kama barabara iliyokatwa na mafuriko. Ushahidi wanaoutaja ni wa samaki: wamo katika Malagarasi samaki ambao ndugu zao wanapatikana mtoni Kongo, lakini hawapatikani ndani ya ziwa lililo katikati yao. Tuliingia Uvinza usiku.

Ijumaa, Uvinza na Kigoma

Asubuhi tulitazama chemchemi za maji ya chumvi zilizoifanya Uvinza ijulikane. Watu wamekuwa wakichemsha maji haya kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,500, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vyao katika matabaka ya udongo. Hapa tumeshaiacha granaiti. Miamba ni ya matabaka, mchanga wa zamani uliogandamana, na maji hupanda kupitia nyufa zake yakiwa yamelowa chumvi ya chini. Shemeji alichovya kidole, akaonja, akatema. Alisema angechimba kisima kama hiki Tabora, mteja angemdai fedha zake mara mbili.

Basi dogo la kwenda Kigoma lilianza kupanda na kushuka vilima, jambo ambalo mtu wa Tabora hajalizoea, na nilihisi mabadiliko hayo masikioni kabla ya kuyaona. Kisha, saa kumi na nusu hivi, barabara ilikata kona na ziwa likawa mbele yetu. Nililiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na wakati huo niliona maji. Leo niliona shimo ambalo maji yameingia ndani yake.

Hesabu yake ndiyo hii. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko mita 770 hivi. Kina kirefu zaidi, upande wa kusini, ni mita 1,470, kwa hiyo sakafu ya ziwa iko mita 700 chini ya usawa wa Bahari ya Hindi, ambayo iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Hata hiyo sakafu si mwisho, kwa sababu chini yake kuna matope na mchanga wa unene wa kilomita kadhaa, ambao Malagarasi na wenzake wamekuwa wakiumwaga kwa miaka milioni 9 hadi 12. Jiwe lenyewe lililozama liko chini ya yote hayo. Baikal peke yake ndilo ziwa linalolipita hili kwa kina.

Katika mchoro wangu wa darasani bonde la ufa lina kuta mbili zinazolingana na kipande cha katikati kilichodondoka wima. Ziwa Tanganyika halikuzama hivyo. Kwa sehemu kubwa limezama upande mmoja, kama mlango wa mtego uliofunguka kwa chini: ng'ambo moja kuna ukuta mkali wa mpasuko, ng'ambo ya pili ardhi inainamia taratibu, kisha kilomita kadhaa mbele pande hubadilishana. Kutoka kilimani tuliweza kuiona milima ya Kongo, ikiwa na rangi ya bluu kama wingu lililokaa. Kuta hizo zinatengana kwa milimita chache kwa mwaka, kama vyombo vya satelaiti vilivyofungwa juu ya miamba vinavyoonyesha, na kratoni yetu pamoja na Ziwa Victoria zimo ndani ya bamba dogo linalojizungusha polepole kinyume cha mwendo wa saa, likibanwa kati ya Afrika kubwa ya magharibi na bamba la Somalia upande wa mashariki. Tangu reli ya Wajerumani ilipofika Kigoma mwaka 1914, Kongo imesogea mbali na kituo hicho kwa umbali usiozidi sana urefu wa rula ya mwanafunzi.

Watu hupenda kumalizia somo hili kwa kusema kwamba siku moja bahari itapita hapa. Huenda. Bahari ya Shamu ilianza hivi. Lakini zipo nyufa nyingi duniani zilizoanza zikaacha, na mimi sitawaahidi wanafunzi bahari.

Jumamosi, ziwani

Tulipanda boti katika mwalo wa Kibirizi alfajiri, tukaelekea kaskazini tukiwa karibu na nchi kavu. Wavuvi wa dagaa walikuwa wakirudi, taa zao zikiwa zimezimwa. Nahodha wetu, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alizima mashine kila tulipomwomba, na kila mara alinitazama kana kwamba ananisubiri nimalize kuswali.

Kuta za ufa huonekana vizuri kutoka majini. Kuelekea Gombe vilima vinapanda kutoka ufukweni mita mia kadhaa bila kupumua, vimekatwa na makorongo membamba, na mteremko huohuo unaendelea chini ya maji bila kujali kwamba umeingia ziwani. Nahodha alisema mahali pengine mtu akishuka kwenye boti upande wa nchi kavu anasimama, na akishuka upande wa pili hapati pa kukanyaga. Alisema pia kwamba nyavu hazina kazi kule chini sana, jambo ambalo vipimo vinalithibitisha: kuanzia kina cha mita 100 au 200 na kuendelea maji hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote na ugali wote wa Kigoma unategemea ngozi nyembamba ya juu ya ziwa.

Nilimuuliza kama anakumbuka tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005.

"Nalikumbuka, mwalimu. Ilikuwa alasiri, nipo mwaloni natengeneza wavu. Sufuria zilianza kugongana zenyewe, na akina mama wakatoka mbio wakidhani ni gari kubwa."

Kitovu cha tetemeko hilo kilikuwa ziwani, ukubwa wake ulikuwa 6.8, na katika upande wa Kongo, pande za Kalemie, nyumba zilianguka na watu wakafa. Kubwa zaidi katika ufa huu lilikuwa lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, lililofikia 7.4 hivi, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Mwamba hausogei milimita zake chache kwa mwaka kwa utaratibu wa saa ya ukutani. Sehemu ya juu, iliyo baridi na kavu, hukaa ikikataa kwa miaka mingi, ikijikunja kidogo kidogo, kisha siku moja huachia deni lote kwa sekunde chache. Nahodha alisema hiyo anaielewa, kwa kuwa kamba ya nanga nayo hukatika hivyo.

Shemeji alikuwa kimya muda wote huo. Tulipokuwa mita 400 hivi kutoka ufukweni aliomba mashine izimwe tena, akafungua begi, akatoa lile gurudumu lake. Alifunga nati nzito ya chuma kwenye ncha ya waya, akaitosa, akaanza kuachia huku akisoma alama kwa sauti kama anavyofanya kisimani: ishirini, arobaini, sitini. Nahodha alikaa akatazama. Ilipofika mia moja shemeji alipunguza sauti. Ilipofika mia na ishirini aliacha kusoma. Gurudumu lilizunguka hadi ukaonekana mpira mwekundu unaofunga mwisho wa waya, na waya ukabaki umenyooka wima ndani ya maji ya kijani, ukitetemeka, bila kugusa kitu.

"Umeisha?" nahodha aliuliza.

"Umeisha," alisema shemeji, akaanza kuukunja.